Macho Juu ya Sahani

Watakatifu niliwajua kwanza kwa vitu walivyoshika. Majina yalikuja baadaye, na mengine hayakuja kabisa. Kitabu chenyewe kilikuwa kizito kama tofali la saruji. Nilikiazima maktaba ya mtaa wetu, Anderlecht, huku Ubelgiji, mwaka ule nilioacha shule ya ufundi kabla haijaisha. Kilikuwa cha Kiflamandi, kwa sababu nakala ya Kifaransa ilikuwa imeazimwa na mtu ambaye, kwa nijuavyo mimi, hajairudisha hadi leo. Kiflamandi changu kilikuwa cha kununulia mkate, basi nikawa natazama picha tu. Kuta za makanisa ya Italia, ukurasa baada ya ukurasa, zilizochorwa na watu waliokufa miaka mia tano iliyopita, na kila mtakatifu kashika kitu chake kama mfanyakazi anayekwenda zamu. Mmoja ana funguo. Mwingine gurudumu lililopasuka. Mwingine kabeba ngozi yake mwenyewe mkononi, kama koti siku ya jua.

Mama ndiye aliyenisomea kitabu kile, ingawa naye Kiflamandi hakukijua. Kule Lubumbashi alikuwa amefundisha katekisimu miaka mingi. Nilikuwa naweka kitabu mezani jikoni, nafunika maandishi kwa mkono, naye anataja mmoja mmoja kwa Kiswahili chake cha Katanga huku akimenya viazi.

"Uyu wa gurudumu ni binti mwenye kusoma mingi. Balitaka kumutesa nayo, gurudumu ikapasuka yenyewe. Uyu wa simba ni muzee wa kuandika vitabu, simba alikuwa rafiki yake."

"Na huyu, mama? Huyu anauza nini?"

Alikuwa msichana mwenye joho la buluu, kashika sahani, na juu ya sahani kulikuwa na vitu viwili vyeupe kama mayai. Mama akanipiga begani kwa kisu cha kumenyea, upande wa mpini.

"Kamata adabu! Ile ni macho yake. Balimutoboa macho, Mungu akamurudishia. Njo yeye mulinzi wa bantu ya macho mugonjwa."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Mwaka ule macho ya mama hayakuwa na kasoro, au ndivyo tulivyodhani.

Ila mtakatifu yule alinikaa kichwani. Ukimtazama vizuri, ana macho mawili usoni na mengine mawili kwenye sahani. Ya sahani ni yale aliyonyang'anywa, ya usoni ni yale aliyorudishiwa. Mchoraji hakuchagua kati ya mateso na kupona, aliweka yote mbele yako kwa wakati mmoja. Niliipenda hesabu hiyo. Watu wanakutoa mawili, Mungu anakuwekea mawili, unabaki na manne. Nilikuwa kijana wa namna hiyo, mtu wa kuamini kwamba mwisho wa hesabu kila kitu kinabaki zaidi.

Tukawa na mchezo wetu kwenye metro. Mimi na mama tukikaa bega kwa bega tunatazama abiria na kuwagawia utakatifu kwa walichobeba. Bwana mwenye ngazi iliyokunjwa, mtakatifu wa mafundi. Dada mwenye mbwa ndani ya mfuko, mtakatifu wa wanaoogopa mvua. Mama mwenyewe nilimwambia ni mtakatifu wa ndoo na kitambaa, kwa sababu alikuwa anasafisha ofisi kwenye minara ile ya vioo karibu na Gare du Nord. Akajibu kwamba hayo ni kweli, na kwamba ghorofa kumi na nne zinamwombea.

Mchezo ulikufa polepole, na sikuutambua ulipokuwa unakufa. Mama aliacha kuwaona abiria wa pembeni. Nikimwambia, "Mama, tazama yule mwenye gitaa," anageuza kichwa chote, kama mtu aliyezibwa macho pande za kulia na kushoto. Akaanza kugonga bega kwenye miimo ya milango. Akamimina chai kando ya kikombe, akakilaumu kikombe.

Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba tulichelewa. Alitufafanulia kwa mikono yake miwili, akiileta taratibu kutoka masikioni kuelekea puani, kama pazia linalofungwa toka pande zote mbili. Kilichokwisha kufa hakirudi. Dawa ya matone inaweza kuchelewesha kilichobaki. Mama aliinamisha kichwa kwa heshima, akamshukuru, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, fundo upande wa kushoto, sikio moja nje, kama alivyofunga maisha yake yote. Mamama wa kwaya walikuwa wakimtania kwa fundo lile: "Yako iko inaenda wapi?" Naye anajibu, "Inakwenda mbele yenu." Siku ile ya daktari hakuna aliyemtania. Tulipofika nje akaniambia tu, juu ya bosi wake, "Chef wa kazi asijue."

Akaendelea kufanya kazi. Alihesabu hatua kutoka lifti hadi chooni, kutoka chooni hadi dirishani. Na palipomshinda jicho aliweka mkono. Kiganja chake kilikuwa kinapita juu ya meza, kinasimama, kinarudi. "Vumbi haijifiche mukononi," alikuwa anasema. Nilimsaidia baadhi ya asubuhi kabla ya kazi yangu, na niliona kwamba meza zake zilikuwa safi kuliko za wenye macho mazima.

Mimi wakati huo nilikuwa napiga lipu. Fundi wangu alikuwa mzee wa Kitaliano aliyeletwa Ubelgiji akiwa mtoto, baba yake alipokuja kuchimba makaa ya mawe. Tulikuwa tunatengeneza nyumba za zamani, kuanzia kwetu Anderlecht mpaka Auderghem kule karibu na msitu, ambako watu wana ngazi za marumaru na mbwa wanaoogeshwa mara nyingi kuliko sisi. Siku moja wakati wa chakula nilimwonyesha kitabu changu. Akacheka na mkate mdomoni. Kanisa la kijiji chao lilikuwa na ukuta kama ule, na babu yake ndiye aliyekuwa akiziba nyufa zake.

Akanieleza kazi ile huku akichora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu. Unapiga lipu ya chokaa na mchanga, lakini kipande kile tu unachoweza kukichora siku hiyohiyo, uso leo, mkono kesho. Lipu ikiwa bado mbichi unakwaruza mistari ya picha kwa msumari, mtaro mwembamba, ili usipotee. Kisha unapaka rangi. Rangi ni unga na maji, hakuna gundi. Chokaa ikikauka inainywa rangi ile na kuifungia ndani.

"Hapo rangi haiko tena juu ya ukuta," akasema. "Imekuwa ukuta. Unaweza kuiosha kila mwaka."

"Na ukichelewa, chokaa ikafunga?"

"Unakibomoa kipande cha siku ile, unaanza upya kesho."

"Na kama mtu hana kesho?"

"Basi anunue rangi ya mlango."

Akanionyesha pia kitu ambacho sikuwa nimekielewa. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na Bikira Maria aliyevaa kijivu, nami siku zote nilidhani amevaa msiba. Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa amevaa buluu, rangi ya mbingu, kama ilivyo desturi. Lakini buluu ile ya zamani haikupatana na chokaa mbichi, kwa hiyo waliipaka mwishoni, juu ya ukuta mkavu, kwa yai au kwa gundi. Inakaa juu kama unga kwenye mkate. Unyevu, mkono, mshumaa, inaondoka. Kinachobaki ni kijivu cha chini.

Niliyasikia yote hayo. Nasema nimeyasikia ili ijulikane kwamba sikukosa mwalimu.

Jumuiya yetu ya Waswahili wa Katanga ilikuwa inasali kwenye kanisa kuukuu lenye ukumbi na kikanisa kidogo cha pembeni, chumba chenye giza ambacho kuta zake zilitoa jasho majira yote. Ukuta mmoja ulikuwa na ukungu, madoa ya buluu na kijani yanayopanda toka sakafuni. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja tuliyemwita papa kwa desturi ya kwetu, aliyestaafu kazi ya ulinzi na bado anatembea na kishada cha funguo kiunoni, alinipa ruhusa ya kuutengeneza. Kwangu alikuwa mtakatifu wa funguo, wala sikuhitaji kubuni.

"Papa, nikishatengeneza, nataka kuchora."

"Kuchora nini?"

"Mtakatifu wa macho. Kwa ajili ya mama."

Alizungusha funguo zake kwa muda. Alijua habari za mama, kila mtu alijua isipokuwa chef wa kazi.

"Bon. Ukuta ni yako, fiston. Lakini hapana kuniletea malaika mwenye mabawa ya bata. Na tutaifunika na drap mupaka siku ya sikukuu, chorale iimbe, tuifungue mbele ya bantu yote. Mama yako asijue kitu."

Asijue kitu. Wazo lilikuwa lake na langu pia. Nilimwambia mama kwamba natengeneza ukuta wenye unyevu, basi, na ulikuwa nusu ya ukweli. Nilitaka kitu kimoja tu maishani wakati ule: auone ukuta ule kabla pazia halijakutana katikati. Daktari hakusema siku. Alisema miezi, na alisema kwa sauti ya mtu anayekata miezi hiyo kimoyomoyo.

Nilibomoa lipu ya zamani hadi kwenye matofali, nikaacha pakauke kiangazi chote. Kisha kila Jumamosi na Jumapili jioni nikawa napiga kipande kimoja. Jumamosi ya kwanza, duara la dhahabu la kichwani, ambalo kwangu lilikuwa la udongo wa njano. Iliyofuata, kitambaa cha kichwa. Maana nilikuwa nimeamua kwamba mtakatifu wangu atakuwa na sura ya mama, kutoka kwenye picha aliyopigwa kabla hatujaondoka Lubumbashi, na siwezi kumchora mama bila kitambaa, wala kitambaa bila fundo la kushoto. Nikakwaruza fundo lile kwa msumari, mikunjo yake mitatu, na sikio moja nje. Nilicheka peke yangu mle ndani. Nikafikiri mamama watamjua kabla drap, shuka lile la kufunikia, halijafika chini.

Mkono ulikubali. Sahani ilikubali. Tawi la mtende la mashahidi lilitoka kama ufagio, lakini ni ufagio mzuri, na mama angekuwa na haki nao.

Macho yakakataa.

Nilipiga lipu ya uso Jumamosi moja jioni, nikachora shavu, pua, mdomo uliofumba. Nilipofika kwenye macho nikasimama. Nilikuwa na picha mkononi, macho ya mama ya wakati ule, yanayotazama huku na huku kwa mpigo mmoja. Na kichwani nilikuwa na macho ya mama ya leo. Nilisimama na brashi nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliponitazama bila kugeuza kichwa chote. Sikumbuki nilisimama kiasi gani. Nilipogusa ukuta, brashi iliteleza juu na rangi ikabaki imekaa kama maji kwenye nailoni. Chokaa ilikuwa imefunga.

Jumatatu nikamwambia mzee. Hakufikiri hata kidogo.

"Bomoa uso. Anza tena."

"Sikukuu ni wiki mbili. Na bado joho."

"Bomoa."

"Nitayapaka juu kwa yai. Na buluu nitaipaka hivyohivyo. Wao wenyewe walifanya."

"Na wewe umeona walivyobaki."

"Itashika, mzee. Hakuna mtu wa kuigusa."

Alinitazama, akarudi kwenye ndoo yake. Hakuwa mtu wa kusema jambo mara tatu.

Basi nikapaka macho ya usoni na macho ya sahani kwa kiini cha yai, na joho kwa buluu niliyoichanganya na gundi kidogo sana, kwa kuogopa isije ikang'aa kama plastiki. Ukipitisha kidole ilikuwa inaacha unga. Lakini lo! Ilivyokuwa nzuri. Macho manne yalinitazama kwenye giza lile, mawili ya kunyang'anywa na mawili ya kurudishiwa, na nikaamini, nasema kweli, kwamba kazi kama hii haiwezi kufanywa bila kujibiwa na mtu huko juu. Nikaning'iniza drap, nikaenda nyumbani nikiimba.

Jumamosi ya kuamkia sikukuu ilikuwa siku ya salongo. Kwetu, mtu akisema salongo, kila mtu anajua: ndoo, mifagio, mikono yote, kanisa linaoshwa toka mlangoni hadi altareni, na vitambaa vyote vinavuliwa na kufuliwa. Hakuna sikukuu inayoingia kwenye kitambaa cha jana. Mimi nilikuwa kazini Auderghem hadi mchana. Mama alikuwa ameniambia atapumzika nyumbani, nami sikufikiri zaidi. Ningefikiri. Mwanamke aliyesafisha minara ya watu kwa miaka yote ile angebakije nyumbani siku ya kusafisha nyumba ya Mungu?

Nilimkuta mlangoni mwa kikanisa. Mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwiko, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu kwa daktari. Akaniita papa, kama mama wa kwetu wanavyowaita wana wao.

"Ah, papa yangu, umefika! Ile ukuta yako, nimekuoshea."

Nikasema, "Ukuta upi, mama?"

"Ya unyevu! Bamama balisema nikae, eti nipumuzike. Mimi? Nikabaambia munipe ka kona kangu. Nikatosha drap, nikaiondoa ku ukuta juu ya kuifua, nikaweka mukono ku ukuta, vumbi! Vumbi ya chantier, ya bafundi, kila mahali. Na ule ukungu wako umerudia, naona rangi ya buluu-buluu inapanda. Nikatia Javel, ile dawa ya kung'arisha, nikasugua na brosse. Sasa iko muzuri. Gusa."

Akanishika mkono, akaupeleka ukutani. Nikagusa. Ulikuwa baridi na safi.

"Asante, mama," nikasema.

Taa ya mle ndani ni moja, nayo ilikuwa imezimwa. Hata ingewaka asingeona zaidi ya madoa. Mimi niliona, kwa mwanga wa mlangoni. Kila kilichokuwa kimenywewa na chokaa kilikuwepo, kama mzee alivyosema: duara la njano, kitambaa, shavu, mkono, ufagio wangu wa mashahidi. Joho lilikuwa kijivu. Usoni, mahali pa macho, palikuwa na vitundu viwili vyeupe. Na sahani ilikuwa tupu.

Ndoo ilikuwa miguuni pake. Maji yake yalikuwa buluu, buluu nzuri, ya mbingu hasa. Niliichukua nikaenda kuimwaga uani, na nilipokuwa namwaga nilimsikia akiwaambia mamama ukumbini, "Mutoto yangu ameshukuru!"

Nilipokwenda kumwita papa wa funguo nilikuwa nimekusudia kumwambia yote. Nilipomleta kikanisani na kuwasha taa, alisimama muda mrefu na mkono juu ya funguo ili zisilie.

"Mungu wangu," akasema. "Balimutoboa mara ya pili."

Kisha akauliza, "Nani?"

Alitazama mlango, na ndoo niliyorudi nayo, na mimi. Papa yule alilinda milango ya watu miaka thelathini, alijua kusoma uso.

"Yeye anajua?"

"Hapana."

"Basi na asijue."

Hatukufungua kitu siku ya sikukuu. Alitangaza kwamba ukuta umemshinda fundi kwa ajili ya unyevu. Watu walikuwa wamevaa, kwaya ilikuwa imejifunza wimbo, na niliketi benchi la nyuma nikisikia vijana wakinicheka. "Alors, mchoraji wa ukungu!" Mmoja akauliza kama nimemchora mtakatifu wa mvua. Ningeweza kuyabeba hayo, na ningeyabeba kwa furaha. Kilichonishinda ni mama kusimama katikati ya watu kunitetea.

"Munyamaze! Mimi mwenyewe niliosha ile ukuta, najua. Ilikuwa mubaya, mubaya sana! Hata fundi wa Ulaya angeshindwa."

Jumapili iliyofuata wanawake wawili walichungulia nyuma ya drap, na habari ikaenea kwamba mle ndani kuna kitu cha kike kisicho na macho. Wengine wakasema ni buloji, uchawi. Watoto wakakataa kwenda chooni kwa kupitia upande ule. Papa wa funguo akaja nyumbani kwetu mama akiwa kazini, akakaa ukingoni mwa kiti, akaniomba radhi kabla ya kusema. Nilijua anachotaka. Nilikwenda na ndoo ya rangi nyeupe na rola, nikampaka mtakatifu wangu mara mbili. Mzee wa Kitaliano alikuwa amenishauri nibomoe uso nianze tena, kesho iko palepale. Lakini kesho haikuwepo. Wiki ileile mama alimwagia ndoo ya maji viatu vya mtu kwenye ghorofa ya tisa, chef akajua, na alipomtazama akielekea mlangoni akaelewa na mengine yote, ikawa mwisho wa kazi yake. Ilipofika baridi mama alikuwa anaona mwanga tu, na ilipofika Krismasi alikuwa ananiuliza kama taa imewashwa.

Hiyo ndiyo miezi ambayo siipendi kuiandika. Nilikuwa napika, naye anakaa mezani palepale tulipokuwa tunafungua kitabu. Nilikirudisha maktaba. Nilijaribu kumfanyia mchezo wetu wa metro kwa maneno, mtakatifu wa hiki na kile, akacheka mara mbili kwa adabu, mara ya tatu akasema, "Tuache, papa." Nilikuwa mtu wa hesabu ya manne. Nikajikuta natafuta hata moja.

Mwishoni mwa baridi alitaka kusali peke yake, si ukumbini kwa watu. Nikampeleka kikanisani. Alikuwa ameshika mkono wangu, akauachia, akatafuta ukuta wa kujiegemeza, na kiganja chake kikatua juu ya ule mweupe.

Kilipita, kikasimama, kikarudi.

Nilikuwa nimesahau msumari. Rangi nyeupe inaziba rangi, lakini haizibi mtaro. Kidole chake kilikuwa kimeingia kwenye mstari wa mkono, kikaufuata. Kiwiko. Kidole gumba. Kikafika kwenye duara, kikalizunguka lote, na ndani yake kikakuta viduara viwili vidogo. Kikakaa pale. Mama alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Papa," akasema. "Iyi ni sahani."

Akavigusa tena vile viduara.

"Njo ule wa macho."

"Ndiyo, mama."

Akapapasa kwenda juu, kwenye shavu, kwenye pua. Alipofika mahali pa macho mkono ulijivuta kama umegusa jiko.

"Apa nilisugua mara mbili," akasema. "Ilikataa kutoka."

Ningeweza kusema mambo mengi. Kwamba kosa ni la yai. Kwamba mzee alinionya, kwamba nilidanganya juu ya unyevu, kwamba ungekuwa uso wa kweli uliochorwa kwenye chokaa mbichi angeuosha mwaka mzima na usitoke. Yote yalikuwa kweli, na baadaye nyumbani niliyasema, yakaanguka mezani bila kumfikia. Mle ndani nilisema tu, "Hukujua."

"Sura ilikuwa ya nani?"

"Ya mtakatifu, mama. Ya mtakatifu tu."

Mkono wake ulikuwa bado unatembea. Ulipanda kwenye paji la uso, ukakuta ukingo wa kitambaa, ukaufuata hadi pembeni, na ukakuta mikunjo mitatu niliyoikwaruza nikicheka peke yangu. Aliigusa mmoja mmoja. Kisha akauinua mkono wa pili, polepole, akagusa fundo lake mwenyewe.

"Na mutakatifu gani," akaniuliza, "anafunga kitambala upande wa kushoto?"

Tulirudi kwa metro. Alikaa na mikono yake miwili juu ya magoti, viganja juu, mbali na nguo, kama mikono ya mtu aliyetoka kushika kitu chenye mafuta na bado hajapata maji. Bwana mmoja aliingia na ngazi iliyokunjwa. Sikumwambia mama.

Nyumbani aliniomba nikusanye glavu, brashi na vitambaa vyake vya kazi, nivishushe kwenye pipa la jengo. Niliporudi alikuwa amekaa kitandani, kitambaa cha kichwa mapajani, nywele zake wazi, nyeupe kuliko nilivyodhani. Alikipindisha, akakizungusha, akatafuta kwa vidole katikati ya paji, akafunga pale.

"Iko katikati?" akaniuliza.

"Iko katikati, mama."

Tangu siku ile ndivyo anavyofunga.